Suruali ya Kupandia Ngazi

Kwa binti wa kaka yangu, fundi wangu,

Hujambo, mwanangu? Mvua imekatika huku, na paka amezaa tena kabatini. Usishangae mwandiko kuyumba kama mlevi. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, nitakueleza.

Suruali uliyonishonea haina kasoro. Ila tumeletewa meneja mpya, naye ameamuru wanawake wote tuvae sketi, eti ndiyo heshima ya ofisi. Nikamweleza taratibu kwamba mimi ni mtunza majalada, na rafu za majalada zinafika darini, kwa hiyo kutwa nzima niko kwenye ngazi.

"Mama, sketi haimzuii mtu kupanda," akasema.

"Basi njoo unishikie ngazi, usimame chini yangu."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika meza. Yeye hakucheka. Nikaona nimtii siku moja, ajionee mwenyewe. Nilipanda na sketi, pindo likanasa kwenye msumari, nikaanguka. Mkono wa kulia umevunjika, ingawa daktari anasema utaunga. Usimwambie baba yako, atakuja kupigana.

Meneja alinijia hospitali na maua. Akasema amri iko palepale, na nikirudi na suruali kazi sina.

Plasta ikitolewa nitarudi, na suruali nitavaa. Wenzangu wote wa kike wameniuliza fundi wangu ni nani. Vipimo vyao viko nyuma ya karatasi hii. Shona haraka, tunataka kuingia getini pamoja.

Shangazi yako,
ambaye bado anapanda.