Björk, Jumamosi, Saa Mbili

Jumanne, 1 Aprili

Zamu yetu ya kufulia. Nimeshuka na vikapu viwili hadi chumba cha mashine, nikapekua mifuko kama kawaida. Kwenye suruali ya Bahati, kikaratasi. Mume wangu huandika kila miadi yake hivyo: jina, siku, saa. Hiki kinasema: Björk, lördag, 8. Lördag ni Jumamosi kwa Kiswidi. Björk simjui.

Nimekirudisha mfukoni. Suruali sijaifua.

Jumatano, 2 Aprili

Ghorofa ya tatu kuna mlango umeandikwa Björk. Miezi minane napita hapo wala sijawahi kuusoma. Ni mwanamke wa nywele nyekundu na kambwa kadogo. Humshikia Bahati mlango wa lifti. Hata mimi hunishikia, lakini leo nimepanda ngazi.

Alhamisi, 3 Aprili

Chupa mbili kwenye friji, zimefichwa nyuma ya maziwa. Nimemuuliza ni nini. "Ni mayi tu, bibi yangu," kwa kile Kiswahili chake cha Uvira. Alipoenda kuoga nikaonja. Yana utamu wa mbali, kama maji ya kusuuzia kikombe cha chai. Maji gani hayo? Jibu lake sijalipenda, na yeye pia leo sijampenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Ametoka asubuhi, ati kazini. Viatu vya kazi viko hapa mlangoni. Ameenda na raba, hata kamba hajafunga. Haraka ya nini?

Amerudi saa saba, magoti yana udongo. Nimempakulia, akasukuma sahani. Ati mboga zangu zina chumvi nyingi siku hizi. Miaka yote amekula chumvi yangu. Nani anampikia kwa mkono mwepesi hivyo?

Jumatatu, 7 Aprili

Kabatini, nyuma ya unga, mfuko wa majani makavu. Si majani ya chai. Huyachemsha asubuhi nikiwa bafuni, anadhani siwezi kunusa. Halafu anashinda chooni na simu. Anaandikiana na nani humo?

Nimeelewa. Yule mwanamke anamnywesha dawa. Tungekuwa kwetu Nakuru, saa hii ningeshamjua mganga wake kwa jina.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekutana naye kwenye lifti. Akanisalimia, "Hej hej." Sikujibu. Mbwa wake akanilamba mkono. Nimenawa mara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemfuata. Sioni aibu.

Treni nyekundu kutoka Alby tunakokaa, mimi behewa la nyuma. Kituo cha Slussen tukabadilisha, treni ya kijani mpaka Farsta. Njiani alisimama mara tatu. Nikadhani anaangalia kama anafuatwa, nikajibanza nyuma ya gari. Nyumba ndogo ya njano, geti wazi. Nimeingia bila kubisha hodi.

Mzee wa Kiswidi ameketi na birika la kahawa. Bahati amepiga magoti chini ya mti wenye gome jeupe. Kwenye shina wametoboa tundu, wakachomeka mrija, na maji yanadondoka ndani ya chupa. Chupa zilezile.

Nikauliza kwa Kiswidi changu kibovu: Björk yuko wapi?

Mzee akaupigapiga mti kwa kiganja. "Här," akasema. Yuko hapa.

Kumbe björk ni jina la mti. Darasa langu la Kiswidi limefika matunda na mboga. Miti bado.

Nilicheka mpaka machozi. Bahati hakucheka. Alikaa chini akavua raba. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Ndiyo maana kamba hazifungwi. Ni figo. Kliniki imemwita mara mbili na barua amezificha chini ya godoro ninalolilalia. Mzee ni mwenzake wa kazini. Alimsikia akilalamikia miguu, akamwambia kuwa nyanya yake alikuwa akinywa maji ya mti huu kila masika na chai ya majani yake. Habari ya barua hakuambiwa.

Nikamuuliza Bahati kwa nini. "Mukubwa wangu aliingia hospitali na miguu yake," akasema. "Balimutosha mu sanduku."

Kaka yake huyo, aliyeingia akitembea akatolewa ndani ya jeneza, sikuwahi kumwona. Nilijua tu kuwa alikufa.

Bora angekuwa mwanamke. Mwanamke ningepigana naye.

Jumatatu, 14 Aprili

Kliniki nimepiga mimi, yeye ameketi kando akiangalia mikono yake. Tumepata nafasi Jumatano, saa tatu na dakika kumi. Nesi amesema aache maji na majani mpaka apimwe, na tuende nayo wayaone. Bahati aliitikia kwa kichwa.

Hasira bado ninayo. Na yeye, na mimi mwenyewe. Wiki mbili nimemchukia jirani asiye na kosa, na mume wangu anavimba mbele ya macho yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Zamu ya kufulia. Yule mama wa ghorofa ya tatu alikuwa anakuja na mbwa wake, nikamshikia mlango wa lifti. Nimemwambia hej hej.

Nimepekua mifuko. Suruali ileile, kikaratasi kipya, mwandiko wake. Wanjiku, onsdag, 9.10.

Onsdag ni Jumatano, kesho. Wanjiku ni mimi.

Suruali nimeifua.