Kahawa Nje ya Mlango

Addis Ababa, mwezi wa Sene, tarehe 12

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mgongo unaendeleaje? Na yule jirani wa kuku, mmeshapatana au bado mnanuniana? Mimi ni mzima, ila nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Unajua karakana ya viatu ya Bwana Gebeyehu ninakopika kahawa. Huwa nakaanga buni pale pale katikati ya mafundi, nachoma ubani, wanakunywa na kutaniana. Sasa amekuja fundi mpya, Workneh, mrefu kama nguzo ya simu. Siku ya kwanza tu, hata kikombe hajashika, akanyooshea kidole jiko langu. "Dada, hilo litoke nje."

"Limekukosea nini?"

"Humu kuna thina ya gundi. Ni ndugu yake petroli. Makopo yako wazi, matambara yamelowa, dirisha limefungwa. Mvuke wake ni mzito, unatambaa sakafuni bila kuonekana. Ukifika kwenye makaa yako, moto utaufuata mpaka kwenye kopo."

"Mimi humu sijaona kinachotambaa ila mende!"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Yeye hakucheka. Alilibeba jiko langu, Shangazi, makaa yakiwaka, akaliweka kibarazani! Bwana Gebeyehu akaguna tu, "Mwacheni, atachoka." Hajachoka. Sasa napika nje kwenye upepo, nimejikunyata kama kuku mgonjwa.

Mwanao mwenye hasira,
Tsedale


Debre Birhan, Sene 28

Mwanangu Tsedale,

Sisi huku wazima. Mgongo ni ule ule. Jirani simsemeshi.

Barua nzima ni Workneh, Workneh! Mimi nimepata mstari mmoja. Haya, niambie jambo moja. Kabla ya Pasaka ulilalamika kwamba kichwa kinakuuma kila jioni, ukasema ni kufunga. Pasaka ilishapita. Bado kinauma?

Shangazi yako


Addis Ababa, Hamle 9

Shangazi yangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo.

Kichwa hakiumi tena tangu nihamie nje. Usimwambie mtu. Walio ndani bado wanapepesuka jioni kama walevi, na vidole vyao vimekauka na kupasuka. Workneh anavaa glavu, wanamwita bibi harusi. Ameleta pipa la chuma lenye mfuniko la kutupia matambara, na ndoo ya mchanga ameiweka mlangoni. Anasema kule Nazret alimwona mwenzake akiungua kwenye ghala la rangi. Akishasema hivyo huyatazama makaa yangu, na mimi humwongezea sukari.

Bado simpendi.

Mwanao,
Tsedale


Debre Birhan, Hamle 30

Tsedale mwanangu,

Dereva wa basi anasema karakana ya viatu huko kwenu imewaka moto. Hajui ya nani. Niandikie hata neno moja. Tangu jana sijala.

Shangazi yako


Addis Ababa, Nehase 3

Shangazi yangu mpendwa,

Mimi mzima, sote wazima, kula tafadhali!

Ni kweli, moto ulikuwa wetu. Ilinyesha mvua ya mawe, kibaraza kikajaa maji. Bwana Gebeyehu akaniita, "Ingia na jiko, mtoto wa watu, utakufa kwa baridi!" Workneh akasema hapana. Bwana akamuuliza karakana ni ya nani. Basi nikaingia, nikalitua jiko palepale mlangoni. Bwana alipogeuka kunionyesha pa kukaa, kiwiko chake kikapiga kopo la thina, likamwagika.

Shangazi, thina ilikuwa kule mezani, jiko langu huku mlangoni, na katikati palikuwa pakavu. Ghafla mwali wa buluu ukatoka kwenye makaa yangu, ukakimbia sakafuni kuelekea mezani. Puu! Bwana akashika ndoo ya maji. Workneh akanguruma, "Si maji! Maji yataubeba! Mchanga!" Nililipiga teke jiko likaangukia mvuani, nikarudi na ule mchanga wake. Yeye alikuwa anafunika makopo mengine moja baada ya jingine, moto ukimlamba suruali. Nikamwaga mchanga mezani, kisha nikamwaga miguuni mwake. Ukazimika.

Tulipoteza rundo la soli na nyusi za Bwana Gebeyehu. Tulipotoka nje tukamtazama usoni: laini kama yai lililomenywa. "Mnacheka nini?" akauliza. Tulikaa kwenye matope tukicheka na kulia.

Sasa dirisha liko wazi mvua inyeshe isinyeshe. Thina inamiminwa kidogo tu, kopo linafungwa hapo hapo, na mwenye sigara anavuka barabara akavutie ng'ambo. Bwana amenunua mabati na kibaraza changu kimeezekwa. Wapita njia wananusa buni wanaketi: madereva, walimu, hata polisi. Wakisubiri kahawa wanajaribu viatu. Bwana anajisifu kwamba yote alikuwa ameyapanga yeye!

Workneh ndiye aliyepigilia mabati. Alijigonga kidole kwa nyundo, fundi viatu mzima. Nilimfunga kitambaa. Kazi ya kufunga kitambaa ilichukua muda mrefu kidogo.

Mwanao,
Tsedale


Debre Birhan, Tikimt 20

Tsedale mwanangu,

Heri ya mwaka mpya wetu ulioanza mwezi uliopita, maana wewe siku hizi huandiki. Sasa najua kwa nini.

Jumapili walikuja wazee watatu, shuka nyeupe mabegani, wakasimama mlangoni. Wakasema wametumwa na kijana aitwaye Workneh kuja kukuposa. "Workneh yupi?" nikauliza, kana kwamba sijawahi kulisikia jina hilo. Mmoja akasema, "Mama, yule mrefu." Nusura nicheke. Nikawaacha wasimame kidogo, ndivyo inavyotakiwa, kisha nikawakaribisha.

Kikombe cha kwanza cha kahawa nimewapa. Cha pili nimewapa. Cha tatu, cha baraka, nimekizuia. Nimewaambia simtoi mwanangu kabla sijalisikia neno lake mwenyewe. Wanarudi Jumapili ijayo. Jibu upesi, mpe dereva.

Shangazi yako


Addis Ababa, Tikimt 23

Shangazi yangu,

Salamu ndefu baadaye, dereva anapiga honi.

Wamiminie cha tatu.

Mwanao,
Tsedale