Barua Niliyoibandika Ukutani

Nyakuron, Juba
11 Mei 2025

Mwanangu Yar,

Habari za Eldoret, na kifua cha nyanya kinaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku linanikausha kama samaki. Barua hii utaipata kwa Apollo, yule Mganda wa basi. Simu ya nyanya hunipa mngurumo tu, na wewe sasa uko Gredi ya Nne. Mtoto wa Gredi ya Nne anaweza kumwandikia babake.

Nimepewa darasa la tatu katika shule moja ya mtaa wa Kator. Watoto sabini na wanne, madawati kumi na tisa. Wananiita ustaz, yaani mwalimu. Kiarabu changu kinawachekesha. Nikikosea wananiigiza, kisha wananifariji: "Mafi mushkila, ustaz," hakuna shida. Walimu wenzangu ni watu wema, lakini saa ya chai wanakumbushana mambo yaliyotokea hapa wakati mimi nalelewa Kenya. Wanacheka, nami nacheka nikiwa nimechelewa.

Kwa hiyo nimejitafutia kazi. Nimefunga kamba tano ukutani, moja juu ya nyingine: Herufi, Neno, Sentensi, Aya, Hadithi. Kila mtoto ana kadi yenye jina lake, imeshikwa na kibanio cha nguo. Akisoma vizuri mbele yangu, kadi yake inapanda kamba. Yeyote anayeingia anaona mara moja nani amefika wapi. Jumapili baada ya misa huenda kuzipanga peke yangu. Tangu mama yako atutoke sijazoea Jumapili. Darasa likiwa tupu, yale majina ndiyo watu wangu.

Niambie, wewe ungekuwa kamba ya ngapi?

Baba yako,
Thon


Eldoret
29 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko mahindi ya Uasin Gishu. Sisi sote hatujambo. Nyanya hukohoa alfajiri tu, jua likitoka anapata nafuu. Barua yako ilitufikia ikinuka dizeli, na ilitufurahisha mno.

Masomo yangu yanaendelea vyema. Bila shaka ningekuwa kwenye kamba ya Hadithi. Dada Achol, binti wa shangazi, yuko Gredi ya Nane na bado anaishi nasi. Mvua imenyesha hadi barabara ya kwetu imekuwa uji, na viatu vyangu vya shule sasa vinavaliwa shuleni tu.

Baba, nina swali. Wale wa kamba ya chini, wewe unawaangalia vipi?

Binti yako akupendaye,
Yar


Nyakuron, Juba
22 Juni 2025

Yar, binti yangu mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo, tena wiki hii sijambo zaidi kwa sababu yako. Barua yako nimeisoma mara nne. Mwandiko ulionyooka, nukta mahali pake, na hayo mahindi ya Uasin Gishu! Nimeibandika ukutani juu ya kamba ya Hadithi. Nikawaambia watoto, "Huyu ni binti yangu. Ana miaka kumi. Hapa ndipo tunapokwenda." Walipiga makofi. Hata mwalimu mkuu alikuja kuiona, akaniuliza habari zako, na kwa mara ya kwanza tukazungumza kitu kisichokuwa kazi.

Umeuliza habari za wa chini. Amebaki mmoja kwenye Herufi, Nyamuoch, msichana wa umri wako. Ijumaa ya wiki iliyopita nilimsimamisha mbele ya barua yako nikamwambia anionyeshe herufi tatu tu anazozijua. Alitazama miguu yake mpaka kengele ikalia. Jumatatu hakuja, na kadi yake haikuwepo, kibanio kinaning'inia kitupu. Mvivu hukimbia kipimo. Wewe usiwe hivyo kamwe.

Baba yako anayejivuna,
Thon


Nyakuron, Juba
27 Julai 2025

Mwanangu,

Hamjambo? Apollo amepita mara mbili mikono mitupu. Nilipiga simu ya nyanya, nikasikia mtu anapumua, kisha ikakatika. Kama nyanya amezidiwa, usinifiche. Kama ni masomo yamekubana, niandikie hata mistari miwili.

Hapa hakuna jipya. Nyamuoch hajarudi, hii ni wiki ya sita. Jioni nikitoka shule naongea na Cissy, jirani anayeuza chapati, lakini anachoniuliza kila siku ni ngapi nataka.

Baba yako,
Thon


eldoret
9 agosti

baba

uko salama. sisi tuko salama. nyanya si mgojwa. hii naadika mimi. sio Achol. zile zigine aliadika Achol. mimi nasema na yeye anaweka maneno mazuri. na zako ananisomea. ile swali ya kamba ya chini ilikuwa yangu

baba mimi sijui kusoma. najua kidogo tu. kwa ukuta ya klasi yetu jina yangu iko na rangi nyekudu. kila mtu anaona. sikutaka wewe pia uone

toa hiyo balua kwa ukuta. Nyamuoch si mvivu

nimeadika siku mbili. nikishidwa nauliza Achol herufi

mimi binti yako
Yar


eldoret
14 septemba

baba

uko salama. Apollo amesema hukumpa kitu. umekasirika

binti yako
Yar


Juba
28 Septemba 2025

Yar,

Habari yako? Baba yuko salama.

Baba hana hasira. Baba ana aibu.

Nilikuandikia barua ndefu tatu. Kisha nikaona huwezi kuzisoma. Nikazichana. Sikutaka Achol akusomee hii.

Nilitoa barua ukutani. Nilitoa kamba. Nilitoa majina yote.

Nilienda kwa kina Nyamuoch. Alijificha. Mama yake alinipa chai. Nilikaa sana. Kesho yake nilirudi. Siku ya tatu alitoka. Alikaa mbali kidogo. Nikamwambia, "Nilikosa." Kisha tukasoma a, e, i.

Sasa amerudi. Kadi yake iko ndani ya daftari lake. Kila mtoto ana yake. Mtoto anaona, na mimi naona. Basi.

Ukuta ni mtupu. Mwalimu mkuu hapendi. Mimi pia, Jumapili sina pa kwenda.

Yar, mimi nasoma na watoto wengi. Wewe huna baba wa kusoma nawe. Hilo ni kosa langu. Si lako.

Nitakuja Desemba. Tutasoma, wewe na mimi, polepole.

Soma hii peke yako. Hata siku kumi.

Ninakukumbuka.

Baba yako


eldoret
19 oktoba

baba

uko salama. mimi niko salama na nyanya anakusalimia

nimesoma. siku sita. Achol alitaka kunisaidia nikaficha balua ndani ya sweta. Nyamuoch umwambie Yar amesema habari

nimejua maneno yote isipokuwa moja. ile ndefu ya mwisho, iko juu ya baba yako. naanza vizuri halafu katikati inanipotea. sijauliza mtu

utanisomea wewe ukikuja

binti yako
Yar