Aliyejiandika Mkubwa

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kama mtu aliyefungiwa anaweza kuwa hajambo. Chakula kipo, kitanda kipo, na komeo lipo, upande wa nje.

Mimi, kinyozi niliyewanyoa mabaharia, mahakimu na mabwana harusi watatu asubuhi moja, leo nanyolewa na jamaa anayekuja kila Jumanne kama anafyeka uwanja. Wembe siruhusiwi hata kuugusa. Kosa langu? Nilikunywa pombe kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikio la mteja nilikata, nakubali, kipande tu.

Sasa daktari wa kituo hiki cha kuacha pombe kanionyesha fomu uliyonileta nayo. Palipoandikwa "mkubwa wa familia" umejijaza wewe! Mimi niliyekutangulia miaka sita, nikakufundisha kufunga kamba za viatu. Na siwezi kutoka bila sahihi ya huyo mkubwa.

Nasikia pia umeshika kiti changu dukani. Wateja wanasemaje? Tuma sahihi.

Kaka yako, MKUBWA

17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anakusalimu sana. Wateja wananisifu, wanasema mkono wangu mwepesi.

Unasema mdomo ni wako. Sawa. Lakini lile sikio halikuwa lako. Sahihi sitoi.

Mdogo wako

20 Machi

Wewe,

Salamu mpe mama. Wanakusifu? Nani, mwalimu mkuu? Zile ndevu nimezilea tangu hazijaota vizuri! Hapa dawa nameza, lakini hilo la mkono mwepesi halimezeki. Usiniandikie tena.

Kaka yako, bado

29 Aprili

Kaka,

Shikamoo. U hali gani? Hii ni barua ya tatu bila jibu, na ndiyo ngumu.

Nilikudanganya. Hakuna anayenisifu. Wanachungulia, wanauliza unarudi lini, wanaondoka. Mwalimu mkuu ndevu zimemfika kifuani. Wewe ulikuwa unatetemeka, wanakungoja utulie. Mimi sitetemeki, na hakuna anayeningoja. Tangu utotoni ni hivyo.

Siku ile nilipojiandika mkubwa, nilisikia raha. Nilitaka upone, kweli kabisa. Ila nilikitaka na kiti. Kwa hilo la pili sina haki ya kukufungia. Sahihi nimeambatanisha.

Mdogo wako

8 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Barua yako nimeisoma, nikacheka sana, kisha nikalia kidogo, kiume. Wiki sita nimekuonea wivu wa bure!

Daktari aliipokea sahihi, wakanifungulia. Nikatoka na begi langu mpaka barabarani, bwana mkubwa, huru kuliko rais. Jua kali. Nikainua mkono kujikinga macho, nao ukatetemeka. Nikasimama pale nikiwatazama watu wakipita, kila mmoja na masikio yake mawili.

Nikarudi. Mlinzi akauliza nimesahau nini. Nikamwambia, "Nimekuja kujiandikisha."

Safari hii fomu nimejaza mimi. Mwezi mmoja, na nikitaka kuondoka hata kesho, naondoka. Komeo wameliacha wazi. Nimeshalijaribu mara mbili.

Kiti kishike. Mwambie mwalimu mkuu nimemruhusu akupe zile ndevu, kabla hajazikanyaga. Ila ukimnyoa mtu akapendeza, usiniandikie. Mimi bado mgonjwa.

Kaka yako