Sikumwacha Anko Uwanjani

Ujerumani, Januari

Mama yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaniuma kwa kuinua wazee kitandani kila siku. Goti lako je, limepoa? Baba na kifua chake? Baridi ya Muthara imepungua? Nauliza haraka haraka, Mama, unisamehe. Nina hasira, na nikizungukazunguka nitakosa heshima kwenye barua.

Dada Makena alinipigia kutoka kwake Karurumo, akanieleza yale Anko Mutwiri anasema huko nyumbani. Ati mimi nilimwita Krismasi, nikamtelekeza kwenye baridi, nikamficha sherehe za mji. Na sasa kwa sababu ya maneno hayo Baba amemkataza mdogo wangu Nkatha asije huku kusomea uuguzi! Msichana amejifunza Kijerumani mpaka anaota nacho, halafu azuiwe kwa uongo? Hapana. Sikiliza ilivyokuwa.

Anko alikuwa Italia kwa mkutano wa kanisa. Akanipigia akasema, “Kawira, kwa kuwa niko karibu, nataka kuona hizo taa za Krismasi za huko kwenu, nikawahadithie watu.” Nilifurahi sana. Nikampangia vizuri: afike wiki moja kabla ya sikukuu, wakati soko la Krismasi liko wazi, kwaya zinaimba barabarani na watu wamejaa. Nikaomba ruhusa kazini. Nikamwambia waziwazi kwamba mkesha wa Krismasi, ikifika mchana tu, huku kila kitu hufungwa na kila mtu huingia kwake. Si kama kwetu, ambako siku hiyo ndiyo Muthara huwaka muziki.

Lakini unamjua Anko, tangu alipokuwa mwalimu mkuu hapangiwi na mtu. Alipata tiketi ya bei rahisi kwenye simu, akabadilisha safari bila kuniuliza. Akaniandikia tu kwamba anafika mkesha, alasiri, nimpokee uwanja wa ndege. Jina la jiji alilotaja lilikuwa la jiji letu, kwa hivyo nikabeba koti zito nikaenda uwanja mkubwa. Ndege yake haikuwa kwenye ubao. Nikamwonyesha mfanyakazi mmoja ujumbe wa Anko, akatikisa kichwa. “Si hapa, dada. Hii inatua kwenye ule uwanja mwingine.”

Mama, ule uwanja mwingine uko mbali kabisa, katikati ya mashamba! Wameupa jina la jiji ili kuwavuta watu wa tiketi rahisi. Ni kama mtu ajenge uwanja pale Karurumo auite Nairobi. Hawana haya hata kidogo.

Mabasi ya kwenda huko yalikuwa yamesimama kwa sababu ya sikukuu. Nilimpigia mwenzangu wa kazini, mama Mfilipino mwenye gari. Akaacha sufuria jikoni na watoto mezani, akanipeleka. Tulimkuta Anko ameketi peke yake kwenye benchi, na lile koti lake jepesi la kanisani, midomo imekauka. Nikamvisha koti. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Umechelewa.” Hata yule mama hakumwambia asante. Nikambebea begi, kwa sababu mkubwa ni mkubwa.

Tulipofika mjini vibanda vya soko vilikuwa vimefunikwa maturubai. Akasimama akatazama, akaniuliza, “Hii ndiyo Krismasi mnayojivunia?” Siku zote alizokaa alilala kitandani kwangu, mimi nikalala sakafuni. Nilitafuta mahindi mji mzima, nikayaponda na viazi, nikampikia mukimo. Je, hayo aliwahadithia?

Jana nilimpigia. Nikamuuliza, “Anko, kwa nini umesema nilikuacha?”

Akasema polepole, “Kawira, nimewafundisha watoto ramani maisha yangu yote. Ningewaambiaje watu kwamba nilishuka mahali nisipopajua?”

“Kwa hivyo aibu yako ukanivisha mimi? Na Nkatha naye?”

Nilimhurumia, Mama, sikatai. Lakini nilimwambia huruma yangu haitampeleka Nkatha shule. Nikamwambia Baba hatabadilika mpaka asikie ukweli kutoka kwa mdomo wake. Mwishowe akakubali. Atapita hapo nyumbani Jumapili, mkitoka kanisani.

Mwambie Baba kwamba tiketi ya Nkatha nitaikata mimi mwenyewe, atashuka uwanja mkubwa, na nitakuwa mlangoni kabla ndege yake haijatua. Nkatha naye asiache kusoma, hata kama amelia.

Nisalimie nyanya, umwambie bado namwombea macho yake. Msalimie Makena na mume wake, na wale akina mama wa kanisa walionichangia nauli ya kuja huku. Wao hasa nataka wajue ukweli.

Na Jumapili, Mama, nakuomba kitu kimoja. Anko akifika usimkimbilie na chai. Asimame mbele ya Baba, aseme. Chai itangoja.

Mimi binti yako,
Kawira