Nimekaa Matanga Yangu Mwenyewe

Kijiji cha Bhakri Kalan,
Wilaya ya Pali,
Mwezi wa Jeth, udongo umepasuka kwa joto.

Kwa mdogo wangu Gavri,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mzee wako na wajukuu, na yule nyati wako mkaidi ambaye nasikia bado anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa wewe. Magoti yanaendeleaje? Yale mafuta ya haradali niliyokuambia uyachemshe na kitunguu saumu uliyapaka, au uliyakaangia pilipili kama kawaida yako? Sisi huku tu wazima. Mimi hasa ni mzima, na hilo ndilo ninalotaka ulisikie kwanza, maana nimeambiwa kwamba ulipoona picha yangu kwenye televisheni imevikwa shada la maua ulioga maji ya msiba, ukakaa sakafuni, ukakataa chakula. Inuka, Gavri. Kula. Sijafa. Wewe tangu utotoni hulia kwanza ndipo uulize.

Anayeandika ni Sugna, mkamwana wangu, mjane wa Mohan wangu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Tumo ghalani, mlango tumeufunga, namnong'oneza naye anaandika. Nimemwambia aandike yote, na matusi pia, asinitie sukari. Utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wa siku hizi. Vumilia, utajua.

Ghevar, mjukuu wangu, mwana wa Mohan na Sugna huyu, wewe unamjua kwa kioo cha televisheni tu, kwa kuwa uliolewa mbali na miguu ikakuharibikia mapema. Mimi nimemlea. Baba yake alimfundisha randa na patasi, kazi ya ukoo wetu, lakini mkono ukiwa kwenye randa mdomo wake ulikuwa kwa watu: mara amwige karani wa mikopo anavyotembea, mara pandit anayepiga chafya katikati ya sala, hadi mteja anasahau kwamba alifuata mlango wake. Akaenda Jaipur, kwenye kituo kimoja kidogo, akawa anasimama kila jioni na aproni yake ya useremala, kwa sura yake mwenyewe, akiwasema wakubwa. Akasema habari za barabara iliyochimbwa mara tatu na bado haijapitwa hata na punda. Akasema habari za boza la maji linaloonekana msimu wa kura tu, kama ndege wa kuhama. Watu walishika mbavu. Wakubwa hawakushika kitu, walituma watu wakashika fimbo.

Walivunja vioo vya kile kituo na wakamvunja Ghevar taya. Alirudi kwangu amefungwa kitambaa kidevuni kama maiti anayefungwa mdomo. Nikamlisha uji wa ngano kwa kijiko, na siku alipoweza kusema neno aliniambia ameacha, anarudi kwenye mbao. Nami na mdomo wangu huu nikamjibu, "Mwanamume akisema, hupigwa. Bibi kizee akisema, watu hucheka wakampa chai." Nikavua mtandio wangu wa ujane, ule wa hudhurungi, nikamtupia kichwani. Mohan alicheka. Sugna alicheka. Hata Ghevar alicheka, akilishika taya lake.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bibi Dhapli. Jina ni langu, limekunjwa kidogo tu. Wakumbuka baba aliniita Dhapu, yaani tumetosheka na wasichana, na mwaka uliofuata ukaja wewe kumkomoa. Na kweli, Gavri, miaka ile ya kwanza nilijivuna. Bibi Dhapli aliketi kwenye kitanda cha kamba akamwambia waziri aliyekuja kufungua bomba la maji anywe yeye kwanza. Kuhusu hospitali ya mjini, inayozinduliwa kila mara bila kujengwa, alisema, "Arusi ya hospitali hii nimeihudhuria mara tatu, bibi harusi bado sijamwona." Waziri mwenyewe alicheka mbele ya watu. Angefanyaje? Ampige ajuza?

Ndipo Khemka akaja. Huyu ni mwenye kituo kikubwa cha Mumbai, mtu laini, mikono kama unga uliokandwa kwa samli. Alimpa Ghevar mkataba wa miaka saba na nyumba yenye lifti. Kisha akaanza kumng'oa Bibi Dhapli meno, moja moja. Waziri asiguswe, wadhamini hawapendi. Hospitali isiguswe. Ikabaki ajuza anayeteleza kwenye mavi ya ng'ombe, meno ya bandia yanadondokea kwenye mtindi, na kila Jumamosi anagombana na mkamwana wake. Ilhali mimi na Sugna tunakula sahani moja tangu Mohan atutoke. Nchi nzima ikacheka. Barabarani watu wazima wakawa wanamwita Ghevar "Bibi" na kumvuta shavu. Mabinti wawili walimkataa. Baba wa mmoja aliuliza ni nani kati yao atakayevaa rinda.

Mohan alipofariki, Ghevar alikuja na kichwa kilichonyolewa, akawasha moto wa baba yake. Nami sikuwapo, wanawake hatuendi, lakini aliyekuwapo alinisimulia. Ghevar alilia. Na watu wakacheka, Gavri. Si kwa ubaya. Ndivyo anavyolia kwenye televisheni, kwa kukokota pumzi kama mbuzi, nao mwili wao ukacheka kabla akili haijaukanya. Kijana mmoja alimwomba amwambie baba yake neno moja la kuagana, kwa sauti ya Bibi. Mbele ya kuni zinazowaka. Na siku ya kumi na mbili, siku ambayo mwana huvishwa kilemba mbele ya ukoo ili ajulikane kwamba sasa nyumba ni yake, Khemka alimwita akarekodi, mkataba haujui matanga. Kilemba cha Mohan kikabaki ndani ya sanduku langu, kimekunjwa.

Mimi nami sikuachwa. Mabasi yalianza kuja kijijini. Watu wanaingia uani bila hodi, wanataka nitembee, wanataka niwatukane. Nikiwatukana kwa hasira za kweli, wanapiga makofi. Siku moja dereva wa boza alipita bila kutupa maji, nikasimama mbele ya gari nikamwambia yaliyo moyoni, mambo ambayo zamani yangemfanya ashuke akiomba radhi. Akacheka hadi machozi, akanipiga picha, akaondoka na maji yake. Siku ile nilijua nimeibiwa. Ukali wangu ndio ulionifikisha hapa, mjane asiye na herufi, nimeulea ukoo mzima kwa ulimi huu. Sasa nikiufungua, watu wanasikia kipindi. Nikimpigia Ghevar simu kumwambia ale vizuri, Jumamosi nasikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wake uliopakwa rangi. Nikaacha kumpigia. Mwaka mzima hatukusemezana, mimi na mtoto niliyemlisha kwa kijiko.

Mwezi wa Phagun, miezi mitatu iliyopita, Ghevar akaja mwenyewe, bila gari la kituo. Alijilaza kwenye kitanda cha kamba akaangalia dari. Akanieleza kwamba alikwenda kumwomba Khemka amwache Bibi Dhapli apumzike, naye asimame tena kwa sura yake. Khemka alimjibu kwamba bibi hastaafu, bibi hufa tu, na huyu hatakufa maadamu watu wananunua mafuta ya nywele anayoyatangaza. Kisha Ghevar akaniambia: "Bibi, nikivua ule mtandio sijui chini yake kuna nani."

Nikamwambia vizuri, basi nitakufa.

Wajua desturi yetu. Mzee asiyewaamini warithi wake huifanya karamu ya matanga yake akiwa hai, akaila mwenyewe. Na aliyeliwa matanga hachekwi tena. Hata deni lake halidaiwi. Nani atamnunulia bibi arusi mafuta ya nywele kutoka kwa ajuza aliyekwisha kuombolezwa? Nikaita ukoo wote. Tukapika uji mtamu wa lapsi, vitamutamu vya ladu na mikate ya puri. Askari alikuja kutukumbusha kwamba serikali imepiga marufuku karamu za marehemu. Nikamuuliza marehemu ni yupi. Alinitazama, akaitazama sufuria, akaketi akala.

Lakini Khemka si mjinga. Alisikia, akaja na kamera zake na mwavuli wake mweupe, akasema kipindi hiki kitavunja rekodi. Ghevar akavishwa rinda na mtandio, akaketishwa kando yangu kitandani. Ajuza wawili. Watu wakicheka na ladu mdomoni. Nilihisi mlango nilioujenga mwenyewe ukinifungia kwa nje.

Ndipo mjomba wake, kaka yake Sugna, akasimama na sahani, na juu yake kilemba cha Mohan. Nilikuwa nimempa asubuhi. Khemka akasema kifungwe juu ya mtandio, itachekesha. Mjomba alikataa kukifunga hivyo. Alisimama tu na sahani yake. Ghevar hakusogea. Basi nikanyoosha mkono wangu nikauvuta ule mtandio, mkono uleule uliomtupia. Gavri, nywele zake zina mvi. Hakuna aliyejua. Watu wote waliacha kutafuna. Mjomba akamzungushia kilemba mizunguko yote, polepole, na hakuna aliyecheka, hata watoto. Khemka akaomba warudie, mwanga haukuwa mzuri. Mjomba akamwambia, "Matanga hayaliwi mara mbili." Na Ghevar akasimama, rinda bado kiunoni, kilemba kichwani, akasema kwa sauti yake yeye kwamba ni Ghevar mwana wa Mohan seremala, na kwamba watu waendelee kula.

Ghevar anaamini kwamba kile kilemba ndicho kilichomfungua. Wiki ile ile Khemka alimwandikia kwamba amemwachilia. Amerudi Jaipur, kwenye ukumbi mmoja mdogo, anasimama na aproni yake. Baadhi ya siku wanakuja watu kumi, na wawili kati yao wanadai Bibi. Lakini analala. Sugna amekwenda kumwona, anasema analala kama mtoto.

Sasa nisikilize, na wewe Sugna andika, usinitazame hivyo.

Asubuhi baada ya karamu, Ghevar akiwa bado amelala, Khemka alikuja jikoni kwangu. Alinigusa miguu, akaketi kwenye kigoda. Akasema kilemba ni kizuri, ila mkataba haujavaa kilemba: imebaki miaka minne, na Ghevar akigoma karakana ya Mohan itachukuliwa na mahakama na yeye hatasimama mbele ya kamera yoyote. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniogofya. Nikamuuliza anachotaka hasa. Akasema watu wanataka kumsikia ajuza. Nikamwambia, "Kisima ni mimi. Ndoo ya nini? Mwache."

Nikampa sauti yangu. Nilimtuma Ghevar Pushkar, kwenye ziwa takatifu, akaoge kuondoa nadhiri, na kijana wa Khemka akaja karakanani na kinasa sauti. Nikasema kila tusi ninalolijua, kila kicheko, kila kikohozi. Ndiyo maana waliniua kwenye televisheni. Msimu wa mvua kinaanza kipindi cha mzimu wa Bibi Dhapli, mzimu hauna mwili, unasema kutoka ndani ya kabati na ndani ya sufuria, na sauti ni yangu. Sharti lao ni moja: nisisikike nikiwa hai, si kwa simu, si sokoni, si hekaluni, maana siku hizi kila mtu ana kinasa sauti mfukoni. Kijijini wanaamini nimeweka nadhiri ya kunyamaza. Wananigusa miguu. Ghevar naye anaamini. Huja Jumapili akaketi nami, akanisimulia vichekesho vyake vipya, vingine vibovu kabisa, na ulimi wangu unawasha kumwambia ni vibovu kwa wapi. Natikisa kichwa. Yeye yuko nje. Mimi niko ndani, na komeo ni mdomo wangu.

Sugna ameacha kuandika, analia. Naye hakujua, alidhani ni nadhiri. Nimempa ladu. Haya, ameshika tena kalamu.

Ghevar akiisikia ile sauti ataitambua. Atakuja kwako akuulize, kwa kuwa mimi sitamjibu. Mwambie ni maneno ya zamani waliyoyanasa kwenye simu. Apa ukitaka, dhambi nitabeba mimi, mimi nilishaliwa matanga. Asirudi kule kwa ajili yangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba katika maisha yetu mawili.

Na jambo moja la kukufurahisha. Wale wa Mumbai Kimarwari chetu cha ndani hawakijui, wanajua wimbo wake tu. Nilipokuwa nikitukana nilitia pilipili: boza lenyewe, bibi harusi wa hospitali, na yule aliyetuma fimbo, kwa jina la babake. Wenyeji wetu watasikia. Bibi kizee akisema hupewa chai. Bibi mfu akisema, watamfanya nini? Wamchome?

Nakomea hapa, mwanga wa ghala umepungua na Sugna ana mikate ya kuoka. Msalimie mzee wako, watoto uwapake vichwa kwa mkono wangu, na yule nyati mwambie nampenda kwa ukaidi wake. Jumamosi ukinisikia nikigombana na mkamwana ndani ya kabati, usinijibu, na usilie. Humo simo. Nimo humu, kwenye karatasi hii. Mwambie anayekusomea akusomee tena, polepole.

Ni mimi dada yako,
Dhapu
(doa jeusi hapa chini ni kidole gumba changu, si masizi)