Kiazi Chenye Mkia

Baraka, mwezi wa saba

Kwako yaya Élie, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na mama Marie, nawasalimu watoto wote hapo nyumbani Kilembwe, na kuku pia, wale waliobaki. Natumaini goti lako limepoa na mihogo imekauka vizuri. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka na watu. Ningekupigia simu, lakini nakujua: maneno yakianza kuwa makali unasema réseau inakatika. Barua haikatiki.

Ulituma kuuliza kama binti yako Divine ameshinda mtihani wake wa kufundisha. Jibu ni hapana. Kaa kwanza, nikueleze.

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu wa maternelle, shule ya watoto wadogo, ingawa mpaka leo unawaambia watu kwamba nalipwa kwa kuimba na kupiga makofi. Mwisho wa mwaka kila mmoja wao anafundisha somo moja kwa watoto wa miaka minne, mbele ya inspekta. Na kila mwaka somo ni samaki. Hapa Baraka ziwa liko mlangoni, kwa hiyo wanachukua mgebuka sokoni, wanauliza kichwa kiko wapi, mkia uko wapi, watoto wanaitika kwa pamoja, inspekta anatingisha kichwa kukubali, basi. Miaka yote napiga kelele kwamba kuitika si kujifunza. Ni kama nasema na ukuta.

Divine peke yake ndiye aliyenisikia. Alisema kwamba watoto wanaomngoja huko kwenu Kilembwe, katika lile darasa ambalo parokia imekwisha kuliezeka kwa ajili yake, hawaoni ziwa, wanaona viazi. Akaandaa somo la kiazi kitamu. Kiazi kingefichwa kikapuni chini ya kitambaa, kila mtoto aingize mkono, apapase, aseme mwenyewe anachodhani. Nililisoma somo lile nikafurahi kweli.

Siku ya mtihani, kabla hajagusa kitambaa, watoto wote walisimama na kuanza kuimba: kichwa, kiwiliwili, mkia! Wakaimba mapezi, wakaimba magamba. Divine akatoa kiazi, akakiinua wakione. Wakakiimbia mkia hicho hicho kiazi. Inspekta akanigeukia mimi, kana kwamba nimemzaa kila mmoja wao.

Divine akawaomba wamwonyeshe macho ya huyo samaki. Wakakigeuza huku na huku. Kabanyana, binti wa majirani zangu walioteremka kutoka milimani, akakiuma, akatafuna polepole, akasema, "Hii haiko samaki. Ni kiazi." Ugomvi ukaanza hapo. Mwenzake akaangua kilio kwamba mama Rosette, mwalimu wao, alisema iko samaki. Wengine wakamfuata Kabanyana, wengine wakabaki na samaki wao, kila mtu anataka kukishika na kukinusa. Yaya, nilifurahi mno, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliwaona watoto wale wakibishana juu ya kitu wanachokiona kwa macho yao. Inspekta yeye aliangalia saa. Akasema somo halikufika mwisho na watoto hawana nidhamu, kwa hiyo Divine ameanguka, atarudia mwezi wa nane. Nilimbishia mpaka sauti ikakauka.

Shida ni kwamba Divine hataki kurudia. Aliniambia, "Tantine, batoto banaona kiazi, banasema samaki. Basi mi sijui kufundisha." Amekwisha kupatana na rafiki yake waende Uvira kuuza vitenge. Nimembembeleza, nimemfokea, wapi. Lile darasa lenu litafunguliwa na nani, sijui.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Juzi mama Rosette alikuja kwangu kuomba msamaha. Kumbe bwana Nicolas, prefe wetu, mkuu wa shule, alimwagiza awazoeze watoto somo la samaki wiki nzima, asubuhi na tena kabla ya kwenda nyumbani, ili binti wa yule mtu mwema wa Kilembwe ang'ae mbele ya inspekta. Hakumwuliza Divine ameandaa nini. Kwake yeye, somo lingine haliko duniani.

Huyo mtu mwema ni wewe. Nilimwona jogoo mwekundu amefungwa nyuma ya bureau ya prefe, mwenye ukucha uliokatika kama wa jogoo wako, nikajiambia kwamba majogoo wanafanana. Yaya, ni nani alikutuma? Mtoto alikuwa anajua kazi yake. Hakuhitaji jogoo. Ulitaka kumsukuma mbele, ukamwangusha. Nimekukasirikia sana, na kinachoniuma zaidi ni kwamba najua ulifanya hivyo kwa kumpenda.

Divine mwenyewe hajui lolote. Nimemkataza Rosette kumwambia, na mimi nimefunga mdomo, kwa sababu maneno haya anapaswa kuyasikia kutoka kwako. Barua hii anakuletea yeye. Nimeifunga kwa gundi. Unapoisoma, bila shaka amekaa mbele yako na vumbi la pikipiki bado usoni, anangoja uanze kumlaumu. Msomee kwa sauti, tangu mwanzo, na pale pa jogoo usiparuke. Akishasikia, kama bado anataka vitenge, nitamnunulia cha kwanza mimi.

Mkumbatie mama Marie kwa niaba yangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Na kuku wa kumpokea Divine asichinjwe mpaka umalize kusoma.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda, ingawa leo si sana,

Pulchérie